Mtoto akiomba nyoka wa kijani: mambo ya kujua kuhusu boa wa mitini kabla hujasema ndiyo

Zamani mtoto akitaka mnyama wa kufuga aliomba paka, njiwa au sungura. Siku hizi ombi linaanzia kwenye simu. Mtoto anatazama video ya nyoka wa kijani kibichi aliyejiviringisha juu ya tawi, kijana mmoja anamchukua kwa mikono mitupu huku akicheka, na kabla video haijaisha swali limeshafika jikoni: "Mama, na sisi tununue?"

Kwa mzazi aliye Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura, jibu huwa fupi. Kwa mzazi Mswahili anayelea watoto Marekani, Uingereza au Ujerumani, jambo hili si la mzaha. Huko nyoka huuzwa dukani mchana kweupe, kwa risiti, na huenda mwanafunzi mwenzake mtoto wako anaye mmoja chumbani. Ukimwambia mtoto wa huko kwamba nyoka ni shetani na mazungumzo yameisha, utakuwa umemnyamazisha tu, hujamfundisha. Amekwisha kuona watu wakiwashika na hawakufa. Anachohitaji ni mzazi anayejua anachokizungumzia.

Leo tunamtazama boa wa mitini. Tumemchagua kwa sababu rangi yake huwavutia watoto kuliko nyoka wengine wengi, na kwa sababu tabia yake haifanani hata kidogo na ile inayoonekana kwenye video.

Ni nyoka gani huyu?

Boa ni nyoka wasio na sumu, wanaoua windo kwa kulibana. Chatu wetu wana desturi hiyo hiyo, lakini chatu hutaga mayai, na boa walio wengi huzaa watoto hai. Boa wa mitini kwao ni misitu ya Amerika ya Kusini na ya Kati. Wanaouzwa sana ni wa namna mbili.

Wa kwanza ni boa wa zumaridi, yule wa kijani mwenye alama nyeupe mgongoni. Anatoka nchi kama Guyana, Suriname na Brazil, pamoja na bonde la mto Amazon. Watoto wake huzaliwa na rangi ya chungwa au ya matofali, kisha hugeuka kijani wanavyokua.

Wa pili ni boa wa mitini wa Amazon. Huyu ni mwembamba, urefu wake ni kati ya mita moja na nusu na karibu mita mbili, na rangi zake ni nyingi: njano, nyekundu, kijivu, kahawia, wengine wana madoa na wengine hawana. Watoto wa mama mmoja wanaweza kutofautiana rangi kabisa. Ndiyo maana wauzaji humpenda, kwa kuwa kila mteja hupata rangi anayoitaka, na mara nyingi bei yake ni nafuu kuliko ya yule wa zumaridi.

Kuna pia chatu wa kijani wa mitini, anayetoka New Guinea na kaskazini mwa Australia. Kwa sura utadhani ni pacha wa boa wa zumaridi, ingawa hawana udugu wa karibu. Mnunuzi mgeni huwachanganya kwa urahisi, kwa hiyo usiridhike kuambiwa "huyu wa kijani". Uliza jina kamili la nyoka na mahali alipozaliwa.

Ni mkali au ni mpole?

Hili ndilo swali la kwanza la kila mzazi, na kwa boa wa mitini halina jibu la neno moja. Fikiria maisha yake. Anaishi juu ya tawi, mahali ambapo hawezi kukimbia upesi. Ndege wawindaji humjia kutoka juu. Akiguswa ghafla, silaha aliyonayo ni mdomo wake. Mkono wa mtu unaoingia kwa juu ndani ya kizimba, hata ukiwa na nia njema, kwake ni adui anayeshuka.

Ongeza jambo la pili. Boa wa mitini huwinda usiku. Kwenye midomo yake kuna vishimo vidogo vinavyohisi joto, hivyo gizani anajua mahali alipo panya bila kumwona. Vidole vya mtoto vina joto. Katika giza, boa mwenye njaa hana namna ya kujua kwamba joto lile si chakula.

Jambo la tatu ni meno. Hana sumu, lakini meno yake ya mbele ni marefu na yamepinda kuelekea nyuma, ili windo likishikwa lisiponyoke na kuanguka chini ya mti. Akimuuma mtu damu hutoka, na jeraha usoni au karibu na jicho si jambo dogo.

Wafugaji wanajua kwamba boa wa Amazon ni mwepesi wa kuuma. Wa zumaridi huonekana mtulivu zaidi mchana, kwa sababu mchana ni saa zake za kulala. Mtazame taa zikizimwa, utaona nyoka mwingine. Aliyezaliwa kwa mfugaji kwa kawaida huwa na utulivu kuliko aliyekamatwa msituni, ambaye mara nyingi huja na hofu, kupe na minyoo. Hata hivyo hiyo si dhamana. Wapo waliozaliwa nyumbani wakabaki wakali maisha yao yote.

Hapa ndipo neno "mpole" linapowadanganya wanunuzi. Mbwa hujifunza kumpenda mwenye nyumba, humkimbilia mlangoni, humkosa akisafiri. Nyoka huzoea tu. Baada ya muda anaona kwamba kiumbe huyu mkubwa hajamdhuru, basi anaacha kujihami. Nyoka aliyetulia mkononi anavumilia, na uvumilivu wake unaweza kuisha. Mwambie mtoto ukweli huu mapema. Anayetaka mnyama wa kukumbatia hatampata kwa boa wa mitini. Anayetaka kiumbe cha kukitazama na kukichunguza, huyo ana jambo la kuzungumza nawe.

Msome kabla hujamgusa

Mtu anayekaa na nyoka kwa usalama ni yule anayesoma mwili wake. Hizi ni dalili ambazo hata mtoto wa miaka minane anaweza kuzijifunza akiwa nje ya kioo:

Amejiviringisha juu ya tawi, kichwa kikiwa katikati. Amepumzika. Mwache.

Ni usiku, kichwa na shingo vimening'inia chini ya tawi. Anawinda. Mkono usiingie kizimbani.

Shingo imekunjwa kama herufi S, na kichwa kinakufuata kila unaposogea. Yuko tayari kurusha kichwa na kuuma. Rudi nyuma taratibu.

Macho yamekuwa na ukungu wa kijivu au buluu. Anakaribia kujivua gamba, haoni vizuri, na hushtuka upesi. Subiri mpaka amalize.

Anatembea polepole, ulimi ukitoka na kuingia. Anachunguza mazingira yake. Huo ndio wakati mzuri wa kumtazama.

Akilazimika kushikwa, ashikwe hivi

Boa wa mitini si nyoka wa kuchezewa kila siku. Kumshika mara kwa mara humchosha na kumtia hofu. Kuna siku italazimu, kwa mfano wakati wa kusafisha kizimba au kumpeleka kwa daktari wa mifugo. Kazi hiyo ni ya mtu mzima. Mtoto asimame pembeni atazame.

Akiwa mgeni nyumbani, aachwe wiki kadhaa bila kuguswa, mpaka awe amekula zaidi ya mara moja bila shida. Baada ya hapo, shughuli yote ifanyike mchana. Nawa mikono kwanza, kwa sababu mkono wenye harufu ya panya, sungura au kuku unaweza kumfanya aukosee kwa chakula.

Tumia fimbo yenye kulabu, ile inayouzwa kwa ajili ya nyoka. Mguse nayo kidogo mwilini ajue kwamba hii si saa ya kula. Njia iliyo bora ni kutomgusa kabisa. Wafugaji wazoefu hutengeneza matawi yanayochomoka, wakalitoa tawi pamoja na nyoka aliyelikalia, wakaliweka ndani ya chombo kingine chenye mfuniko.

Usimvute kamwe. Mkia wake hushika tawi kwa nguvu, na ukivuta unaweza kumuumiza uti wa mgongo. Mfungue kidogo kidogo kuanzia mkiani, ukiushikilia mwili wake kwa chini. Asiletwe karibu na uso wa mtu yeyote. Dakika chache zinatosha.

Baada ya kula, asiguswe kwa siku mbili angalau. Wa zumaridi apewe siku zaidi, kwa kuwa mmeng'enyo wake ni wa taratibu sana. Akisumbuliwa hutapika, na kwake kutapika ni hatari, wala si jambo la kufuta sakafu na kusahau.

Akiuma, usiurudishe mkono kwa nguvu. Meno yamepinda, kwa hiyo kuvuta kutachana ngozi yako na kuvunja meno yake. Mara nyingi huachia mwenyewe papo hapo. Asipoachia, mmwagie maji baridi kichwani. Kisha osha jeraha kwa sabuni na maji mengi, likandamize damu ikate, angalia kama jino limebaki ndani, na umwone daktari kuhusu chanjo ya pepopunda. Jeraha la usoni lipelekwe hospitali bila kungoja.

Hatari isiyoonekana

Meno yanatisha, lakini hatari kubwa zaidi kwa familia nyingi haionekani kwa macho. Nyoka, mijusi na kasa wanaweza kubeba bakteria wa salmonela tumboni bila wao wenyewe kuugua. Bakteria hao hutoka na kinyesi, wakabaki kwenye ngozi ya mnyama, maji yake, kizimba, na mikono ya aliyesafisha. Mtoto anaweza kuambukizwa bila hata kumgusa nyoka.

Marekani ilijifunza hili kwa kasa. Watoto walikuwa wakiwatia mdomoni kasa wadogo, na tangu mwaka 1975 ni marufuku kuuza kasa mwenye gamba lisilofika takriban sentimeta 10 awe wa kufugwa nyumbani. Kituo cha nchi hiyo cha kudhibiti na kuzuia magonjwa, CDC, kinashauri kwamba nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka mitano, mzee wa zaidi ya miaka 65 au mtu mwenye kinga dhaifu ya mwili haifai kufuga reptilia.

Sasa tazama nyumba zetu za ughaibuni. Kuna mtoto mchanga, na kuna bibi aliyekuja kutoka Tanga au Kisumu kumsaidia mzazi. Hao wawili ndio hasa wanaotajwa kwenye ushauri huo. Kama nyumba yako iko hivyo, jibu la ombi la mtoto ni "si sasa", na sababu anaweza kuielewa: ni kwa ajili ya mdogo wako na bibi yako.

Nyumba isiyo na watu hao nayo iwe na sheria. Vyombo vya nyoka visioshewe kwenye sinki la jikoni. Nyoka asiachwe atembee mezani wala kitandani. Kila aliyemgusa au aliyegusa kizimba anawe kwa sabuni papo hapo.

Gharama na miaka

Bei ya nyoka ni mwanzo tu. Boa wa mitini anahitaji kizimba kirefu kwenda juu chenye matawi imara, joto la nyuzi 26 hadi 30 linalosimamiwa na kidhibiti joto, na hewa yenye unyevu mwingi. Unyevu ukipungua, gamba halivuki vizuri. Unyevu ukizidi bila hewa kupita, hupata maradhi ya kifua. Si nyoka wa kujifunzia.

Chakula chake ni panya waliogandishwa, ambao huyeyushwa na kupewa kwa koleo refu. Panya hao wanakaa wapi? Kwenye friza. Katika nyumba nyingi za Waswahili, panya kando ya samaki na nyama ya sambusa ni mjadala unaotosha kumaliza ombi lote. Wanaofuga kweli hununua friza ndogo ya pembeni, na hiyo ni gharama nyingine.

Kisha kuna miaka. Akitunzwa vizuri, boa wa mitini anaweza kuishi miaka 15 au zaidi. Mtoto wa miaka kumi anayemwomba leo atakwenda chuo, ataanza kazi, pengine ataoa au kuolewa, na nyoka bado yuko chumbani. Atakayekuwa akimyeyushia panya ni wewe.

Usisahau mkataba wa nyumba, kwa kuwa wenye nyumba wengi hawaruhusu, na sheria za mahali. Jimbo la Hawaii, kwa mfano, haliruhusu nyoka wa kufugwa kabisa. Boa hawa pia wamo kwenye mkataba wa kimataifa wa CITES unaosimamia biashara ya wanyamapori, kwa hiyo muuzaji wa haki ana karatasi za kuonyesha nyoka alikozaliwa. Asiye nazo, mwache na nyoka wake.

Kijani cha Amazon na kijani cha Kilifi

Sasa tunafika kwenye jambo linalomhusu kila mzazi wa Afrika Mashariki, hata yule ambaye hatanunua nyoka maishani.

Likizo inafika na mtoto aliyezoea video za boa anakuja Kilifi, Tanga au Lindi. Siku ya tatu anaona nyoka wa kijani kwenye mwembe. Kwa macho yake ni yule yule: kijani, mrembo, ametulia tawini. Kwa kweli anaweza kuwa mamba wa kijani, nyoka wa pwani yetu kuanzia Kenya hadi kusini, ambaye sumu yake inaua. Anaweza pia kuwa boomslang, jina la Kiafrikaana lenye maana ya nyoka wa mti, ambaye dume lake mara nyingi ni la kijani na sumu yake huzuia damu kuganda. Upo pia uwezekano kwamba ni nyoka mwembamba wa majani asiye na madhara yoyote, kwa kuwa hao nao ni wengi. Kuwatofautisha si kazi ya mtoto.

Hata wataalamu wamelipa kwa kuwadharau nyoka wa mitini wa Afrika. Mwaka 1957, Karl P. Schmidt, bingwa wa nyoka mjini Chicago, aliumwa na boomslang mdogo aliyeletwa kwake atambuliwe. Alidhani sumu iliyoingia ni kidogo, akafa siku iliyofuata. Mwaka 1975, Robert Mertens wa Ujerumani aliumwa na nyoka wake mwenyewe wakati akimlisha. Alikuwa nyoka mwembamba wa Afrika anayefanana na kijiti kikavu. Mertens alifariki siku 18 baadaye. Watu hawa walikuwa wamesoma nyoka maisha yao yote.

Kwa hiyo mtoto afundishwe sheria moja kabla ya kupanda ndege, naye airudie mpaka aikariri: simama, rudi nyuma, mwite mkubwa. Asimguse, asimrushie jiwe, asimsogelee ampige picha. Na mtu akiumwa, msikate jeraha, msinyonye, msifunge kamba ya kuzuia damu. Mtulizeni, kiungo kilichoumwa kisitikiswe, na afikishwe hospitali upesi iwezekanavyo.

Wazazi wa hapa nyumbani pia wakumbuke kwamba sheria za wanyamapori, ile ya Kenya ya mwaka 2013 na ya Tanzania ya mwaka 2009, haziruhusu mtu kumweka mnyama wa porini bila kibali. Nyoka aliyeokotwa shambani hageuki kuwa wa kufugwa kwa sababu mtoto amempenda.

Usiue udadisi wake

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Sisi wengi tulilelewa katika mshtuko huo, na ulituokoa. Lakini mtoto anayeuliza kuhusu nyoka anauliza kuhusu dunia, na udadisi huo unaweza kumfikisha mbali akiongozwa.

Mkiwa likizoni, mpelekeni akawaone nyoka mahali penye wataalamu: Bio-Ken pale Watamu, bustani ya nyoka kando ya makumbusho ya taifa Nairobi, au Meserani karibu na Arusha. Hapo atamwona mamba wa kijani kwa karibu, kioo kikiwa katikati, na ataelewa kwa nini hamkumruhusu kusogelea mwembe.

Kama mnaishi ughaibuni, nyumba inaruhusu, na mtoto hajabadili mawazo baada ya miezi sita, wapo nyoka wanaomfaa mfugaji mpya kuliko boa wa mitini. Mmoja ni nyoka wa mahindi wa kusini-mashariki mwa Marekani. Mwingine ni jamaa yetu: boa wa mchangani, anayeishi nchi kavu za Kenya na jirani zake, na ambaye huko nje huuzwa kwa jina la Kenya. Ni mnene, mfupi, mara nyingi hafiki mita moja, hujifukia mchangani, na kwa kawaida ni mtulivu. Sheria za usafi ni zile zile.

Kabla ya kutoa jibu, kaeni na mtoto mjibu maswali haya kwa kuandika: Nani yumo ndani ya nyumba, na umri wake ni upi? Mkataba wa nyumba unasemaje? Nani atanunua na kuyeyusha panya? Daktari wa nyoka yuko wapi, na anatoza kiasi gani? Na mtoto akihama, nyoka atabaki na nani?

Mwacheni mtoto mwenyewe atafute majibu na awasomee. Mkishayasikia yote matano, jibu lenu litakuwa limepatikana, naye ataelewa limetoka wapi.